Breki na Wimbo Uliokataa Kwisha

Wifi yangu ana kazi mbili, na zote mbili huzifanya akiwa pembeni ya mtu anayesifiwa. Katikati ya wiki anafundisha watu kuendesha gari. Mwanafunzi ndiye anayeshika usukani na kujiona bwana mkubwa; wifi amekaa kiti cha pili, mguu juu ya breki ya ziada, ile ambayo walimu huwekewa ili watu warudi nyumbani wazima. Jumapili mchana anapiga gitaa la besi katika bendi yetu, kwenye baa iliyo nyuma ya duka la vioo. Mwimbaji ndiye anayepigiwa makofi. Mpiga solo ndiye anayekonyezwa. Wifi husimama kando ya spika kubwa, anatafuna chingamu, uso mkavu kama mtu anayesubiri taa za barabarani zimruhusu. Watu wa baa wanamwita Breki, na yeye anaitika.

Mimi ndiye niliyemtia humo, kwa hiyo nikianza kumsifu mnivumilie. Mimi ni dada wa mumewe, mwoka mikate, na ndimi mpiga dramu wa bendi. Mikono inayokanda unga kila alfajiri haibabaishwi na vijiti viwili. Kati yangu na wifi utani hauna mpaka: yeye ananiita Mzee wa Kelele, mimi namwita dereva asiyeendesha. Lakini mtu mwingine akimsema vibaya, ajiandae, maana mimi sina hata hiyo breki ya ziada.

Bendi yetu ni ya kukopi. Wimbo wa kwetu hatuna hata wa dawa. Tunapiga nyimbo za watu, zile ambazo kila mtu ameshalilia, ameshaolewa nazo au ameshaachwa nazo. Wanamuziki wakubwa hutudharau kwa hilo, na mimi nasema waache wadharau. Ukumbi ukiwa umejaa, fundi gereji akasikia mwanzo wa wimbo uliokuwa ukivuma zama zile anamtongoza mkewe, akaacha chupa mezani na kwenda kumshika mkono mke yuleyule, nywele za kisogo hunisimama. Nimeoka mikate mizuri maishani mwangu, lakini hakuna aliyewahi kuinuka kitini kwa ajili ya mkate.

Tatizo la nyimbo za kukopi ni mwisho. Redioni wimbo haufungwi. Fundi wa studio hupunguza sauti polepole mpaka wimbo unayeyuka, kila mtu akaendelea na mambo yake. Baa haina fundi wa kutuyeyusha. Watu wanne jukwaani lazima wanyamaze kwa pamoja, na bendi nyingi za mitaani hapo ndipo zinapoaibika: mmoja kasimama, wawili wanaendelea, mwimbaji kanyoosha mkono hewani hajui aushushe lini. Kwetu sisi mwisho ni wa wifi. Akiinua kisigino cha kulia, mjue umebaki mzunguko mmoja. Akikishusha, kimya. Mwimbaji wetu, fundi cherehani tunayemwita Chiriku kwa sababu mdomo wake hauna likizo, asipokitazama kisigino hicho hubaki akiimba peke yake kama aliyepandwa na homa.

Wifi alianza besi kwa sababu ya upweke, ingawa ukimwambia hivyo atakuruka. Binti yao wa pekee alisomea upimaji wa ardhi, akapata kazi mbali kabisa, huko ambako unapanda basi leo ukashuka kesho. Nyumba ikapwaya. Kaka yangu ni seremala, mtu wa maneno machache. Ukimuuliza habari za asubuhi anaweza kukujibu jioni. Wifi akawa akirudi kazini hana hata wa kugombana naye. Siku hizohizo mpiga besi wetu wa zamani alihama mji akatuachia gitaa, na kwa kuwa kwangu kila kitu kinajaa unga, nililipeleka kwa kaka nikalisukuma mvunguni mwa kitanda cha binti. Siku moja niliingia bila kubisha hodi. Nilimkuta wifi amekaa juu ya kitanda kile, redio inaimba, gitaa mapajani halijachomekwa popote, anaitafuta sauti ya chini ya wimbo kwa kidole gumba kama mtu anayepapasa swichi gizani.

Hakushtuka wala hakuona haya. Alinieleza kwamba sauti ile amekuwa akiisikia maisha yake yote na hakujua kuna mtu anayeipiga. Yeye mwenyewe ana sauti nzito. Akipokea simu watu humwamkia baba. Labda ndiyo maana yeye na besi waliitana. Nilimwambia mtaka cha mvunguni huinama, na kwa kuwa yeye ameshainama, basi ajitokeze mazoezini.

Binti alipoambiwa kwamba mama yake anapiga muziki baa, alicheka mpaka simu ikakatika, kisha akapiga tena kutaka kusikia. Basi mwenye baa akawa anaturekodi kwa simu yake na kumtumia. Hapo ndipo jambo lilipoingia. Simu ndogo haina kifua cha kubeba besi. Inanasa gitaa la solo, inanasa matoazi yangu, inanasa hata watu wakiomba soda, lakini ile sauti ya chini inayotetemesha meza hainasi kabisa. Binti alisikiliza kila kitu tulichomtumia na kujibu kwa mapenzi yake yote. Shangazi amemsikia. Chiriku amemsikia. Solo imenoga. Halafu akasema, "Ila wewe Mama sijakusikia. Una uhakika huwa unapiga?"

Alikuwa anatania. Wifi alicheka, akaweka simu mezani, akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi. Mimi nilikuwepo jikoni nikaona. Tangu siku hiyo alikuwa na haja moja tu duniani, nayo aliniambia waziwazi mara moja na hakuirudia: binti yake asimame mbele ya spika ile, hata kwa wimbo mmoja, amsikie.

Sasa niwaeleze kuhusu ukuta. Baa imepakana na nyumba ya mkunga mstaafu, mama mrefu mwenye miwani ya kamba, ambaye alifanya zamu za usiku maisha yake yote na sasa anataka jioni zake zitulie. Zamani alikuwa akitugongea ukuta kwa ufagio. Mwishowe yeye na mwenye baa walikaa mezani wakakubaliana: saa kumi na mbili jioni ikigonga, hakuna wimbo mpya. Ila wimbo ulioanza kabla ya hapo uachwe umalizike, kwa kuwa yeye mwenyewe anajua, alisema, kwamba kilichokwisha kuanza kutoka hakirudishwi ndani. Makubaliano hayo yameheshimiwa na pande zote mbili. Mwenye baa huyaogopa kuliko anavyoogopa moto.

Siku ninayotaka kuisimulia ilikuwa Jumapili ya joto. Binti alikuwa amehamishwa kituo, anapelekwa mbali zaidi ya mwanzo, na basi lake lingepita mjini kwetu na kusimama kituoni abiria wale chakula. Mpango ulikuwa mwepesi. Kaka angemsubiri kituoni na lile gari la mafunzo, amlete baa mbiombio, asikie nyimbo mbili tatu, amrudishe kabla basi halijaondoka. Kesho yake asubuhi alitakiwa kazini, kwa hiyo basi hilo lilikuwa la lazima. Tulitazamia wafike mchana, jua likali.

Wifi alikuja amepiga pasi hadi kamba za viatu. Chingamu hakuna. Nilipomuuliza kama anakwenda kuchumbiwa, alinitazama tu, nikajua leo utani uwekwe mfukoni. Tulianza kupiga, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, macho yake yalikuwa mlangoni. Kila mlango ulipofunguka kidole chake kiliteleza kidogo. Wimbo wa tatu aliufunga mapema mno. Chiriku alikuwa bado hajamwoa msichana wa kwenye wimbo, kisigino kikashuka, harusi ikafia hapo. Watu walidhani ni mbwembwe wakapiga makofi.

Mchana ukaisha. Mwenye baa akaja na simu yake sikioni, akapanda jukwaani kati ya nyimbo, akamuuma wifi sikio. Nami niliegemea mbele nikasikia. Kaka alikuwa amepiga kutoka kituoni. Gurudumu la basi lilipasuka nje ya mji, wamebadilisha, wako njiani, lakini kufika itakuwa baada ya saa kumi na mbili. Na kwa jinsi walivyochelewa, dereva ameapa kwamba kituoni atasimama kidogo sana.

Niliitazama saa ya ukutani juu ya kaunta. Mshale mrefu ulikuwa unakaribia kileleni. Mwenye baa aliitazama pia, kisha akautazama ukuta wa mkunga, kisha akatazama viatu vyake. Nilimwelewa. Binti angefika akute spika zimezimwa na watu wanakunja nyaya.

Roho iliniuma, nisifiche. Nikaanza kumtafutia wifi maneno ya kumfariji, na mimi kwa kufariji ni hodari kama mwashi kwenye kudarizi. Sikuyahitaji. Alikuwa ameshamgeukia Chiriku na kumtajia wimbo. Ulikuwa ule wa zamani wa mapenzi ambao chini yake kuna noti nne tu zinazozunguka na kuzunguka, mwanzo hadi mwisho, bila kugeuka popote. Chiriku alisema huo tumeshaupiga leo. Wifi aliuanza peke yake, mshale ukiwa bado haujafika, nasi tukamkimbilia kama abiria wanaodandia gari linaloondoka.

Tuliimba beti zote. Tulirudia kiitikio. Saa ikafika, ikapita. Nikakikodolea macho kisigino cha wifi, vijiti tayari kwa mwisho. Kisigino kimeganda sakafuni. Mzunguko ukapita, na mwingine. Mpiga solo wetu, kinyozi, alimaliza manjonjo yake yote akaanza kuyarudia kinyumenyume. Chiriku akageuka nyuma kunitazama, nami nikamtazama wifi.

"Usinitazame," wifi akasema bila kugeuza kichwa. "Piga."

Hapo ndipo nilipoelewa. Wimbo ulioanza uachwe umalizike. Sawa. Na kama hauishi?

Mwenye baa alikuja akinyoosha kidole saa ya ukutani, jasho linamtiririka. Chiriku, ambaye Mungu alimpa mdomo kwa siku kama hii, aliinama akamwambia mbele ya kipaza sauti kwamba sisi ni watu wa kuheshimu makubaliano na tunamalizia wimbo wetu taratibu. Kisha akawaeleza watu. Akawaambia wazi kwamba Breki ana mtoto njiani, basi limechelewa, mama hajawahi kusikiwa na mwanawe, na wimbo huu ukikatika leo hakuna mwingine. Wallahi, nimepiga katika baa ile miaka, sijawahi kuona kitu kama kilichotokea. Watu waliokuwa wamekaa waliinuka. Waliokuwa wanaondoka wakarudisha mikoba kitini. Meza zikasukumwa ukutani, ikawa patashika nguo kuchanika.

Shida ikaja kwenye maneno. Chiriku alishaimba beti zote mara nne, akaongeza za uongo, akaingiza hata sifa za cherehani yake. Watu wakaanza kuchoka na yule msichana wa kwenye wimbo. Kinyozi ndiye aliyegundua njia. Alikuwa anacheza na gitaa lake juu ya zile noti nne, na ghafla ukatoka mwanzo wa wimbo mwingine kabisa, wimbo wa harusi ambao hata watoto wanaujua. Ulikaa juu ya besi ya wifi kama sufuria juu ya jiko lake. Chiriku akaudaka. Ukumbi ukalipuka.

Ndugu zangu, nyimbo nyingi za mapenzi zimejengwa juu ya msingi mmoja, na watungaji wanajua ila hawasemi. Tukauimba ule wa harusi wote. Kutoka huo tukahamia ule wa mtu aliyeachwa kituo cha treni. Kutoka huo tukaingia wa mama na mwana, hapo nusu ya ukumbi ikatoa leso. Ukawa mchezo: mtu anapiga kelele jina la wimbo, kinyozi anaujaribu juu ya zile noti nne, ukikubali ni vifijo, ukikataa ni zomeazomea na kucheka. Fundi gereji aliomba wimbo wake akapata. Mkewe akaomba wa kwake, wa kumsema mwanamume mlevi, nao ukakubali. Nilicheka mpaka nikakosa pigo moja, wifi akanitupia jicho la mwalimu, nikarudi kwenye mstari.

Kwa maana sisi wengine tulikuwa tunacheza, lakini yeye alikuwa kazini. Chiriku alishuka kwenda kunywa maji. Kinyozi alikwenda msalani akarudi amechana nywele. Wifi hakuweza kuinua mkono hata kujikuna. Noti nne, noti nne, noti nne, hazikimbii wala hazilegei, na yeyote aliye juu yake akijaribu kukimbia anamrudisha bila kumgusa. Nami sikuweza kumwacha. Mikono ilianza kunichoma, kisha ikafa ganzi, kisha ikawa si yangu. Mwenye baa, aliyekuwa ameshakata tamaa na maisha, alikuja akanimiminia maji mdomoni kama anayemwagilia mche. Nilikuwa na furaha ambayo nikijaribu kuieleza nitaonekana mwongo.

Ndipo mlango ukafunguka, wifi akainua kichwa, na aliyeingia ni mkunga.

Alikuwa na kandambili na ile miwani ya kamba. Watu walimpisha kama maji. Mwenye baa alijificha nyuma ya jokofu, nawaambia kweli. Mkunga alikwenda hadi chini ya jukwaa, akasimama, akasikiliza. Chiriku kwa hofu alinyamaza katikati ya neno. Kinyozi akashusha mkono. Tukabaki mimi na wifi tu, ngoma na besi. Mkunga akasema kwamba alikuwa anasubiri kwake wimbo uishe, akasubiri, akachoka kusubiri, na sasa anafika anakuta unaimbwa wimbo mwingine kabisa. Je, makubaliano yamekufa?

Wifi ndiye aliyejibu, kwa ile sauti yake nzito, mikono ikiendelea kuzunguka.

"Mama, shikamoo. Nisamehe sana. Mwanangu yuko njiani, hajawahi kunisikia nikipiga hata siku moja. Akifika, nafunga."

Mkunga aliinamisha kichwa upande, kama daktari anayesikiliza kifua cha mgonjwa. Kisha akamgeukia Chiriku, si wifi.

"Wewe kijana sikujui," alisema. "Mimi kule kwangu ukuta haupitishi kitu isipokuwa huyu mama. Nyinyi wengine sijawahi hata kujua kama mpo. Miaka yote hii jirani yangu ni yeye. Na tangu saa kumi na mbili hajabadilisha kitu. Wimbo ni uleule."

Akaomba kiti. Walimletea vitatu. Ukumbi ulipiga kelele ambazo nadhani zilifika kituo cha mabasi, Chiriku akarudi juu na wimbo wa kuwasifu wakunga alioutunga hapohapo, na wifi, ambaye sijawahi kumwona akitabasamu jukwaani, alitabasamu mpaka nikaona jino lake lililozibwa.

Honi tuliisikia kabla ya kuona gari. Kaka yangu, mtu ambaye hajawahi kupita gari lingine barabarani, aliingia uwanjani kwa kasi na lile gari lenye bango la mwanafunzi juu, akasimama nusu juu ya ukingo wa maua. Binti alitoka kabla injini haijazimwa. Amekonda, amepigwa na jua, ana buti za kazi zenye matope yaliyokauka na begi bado mgongoni. Alipofika mlangoni alisimama ghafla na kuweka kiganja juu ya kifua chake. Nilijua ni nini. Besi ilikuwa imemgonga.

Watu walifungua njia katikati. Alitembea hadi mbele ya spika, akasimama pale pale, hakucheza, hakupunga mkono. Alitazama vidole vya mama yake. Mama naye alimtazama yeye, na zile noti nne zikaendelea kama kawaida, ila sasa machozi yalikuwa yanashuka mpaka kidevuni na hakuwa na mkono wa kuyafuta. Nililia mimi pia, na nilipiga kwa nguvu ili isionekane.

Haukupita muda kaka akaja mlangoni akionyesha saa yake. Basi lilikuwa linapakia. Hakusema, kama kawaida yake. Alisimama tu akinyoosha mkono kuelekea barabarani. Binti aligeuka akamwona. Akavua begi mgongoni, akaliweka chini kando ya spika, akamtikisia baba yake kichwa: basi hilo liende. Kuna jingine alfajiri.

Wifi aliona. Na hapo, mtu ambaye hajawahi kukosea mwisho wa wimbo hata mmoja, hakuinua kisigino wala hakukishusha. Mikono yake iliacha tu. Katikati ya mzunguko, kwenye noti ya tatu. Mimi nikagonga mara mbili hewani peke yangu, Chiriku akabaki na mdomo wazi, na baa nzima ikanyamaza kwa namna ambayo unaona kama mtu ameondoa sakafu.

"Mama, mbona umeacha?" binti akasema. "Ndiyo kwanza nimeanza kukusikia."

Kila mtu aliitazama ile saa juu ya kaunta, kisha wote kwa pamoja wakamtazama mkunga. Wimbo ulikuwa umekwisha, hilo halikuwa na ubishi. Kuanza mwingine kulikuwa kuvunja neno, na wifi yangu si mtu wa kuvunja neno. Alikuwa ameshaanza kuvua mkanda wa gitaa begani. Mkunga alikuwa anafuta miwani yake kwa upindo wa gauni, bila haraka yoyote.

"Asiyekuwepo na lake halipo," alisema. "Nyumbani kwangu sasa hivi hakuna mtu wa kusumbuliwa. Niko hapa."

Wifi alirudisha mkanda begani. Alijipangusa uso kwa mkono wa shati lililopigwa pasi, akamuuliza mwanawe anataka tupige wimbo gani.

"Wowote," binti akajibu. "Lakini wewe peke yako."

Nilishusha vijiti. Nikamnyooshea kinyozi kidole, naye kwa mara moja katika maisha yake akaelewa bila kuambiwa mara mbili, akazima gitaa. Chiriku akakaa chini kwenye ukingo wa jukwaa, ameziba mdomo kwa mikono yake miwili. Binti akaegemeza mgongo kwenye spika, akafumba macho, na mama yake akaanza.